Mume Asiyejua Maji
Sehemu ya Tisa: Muujiza wa Malindi

Haya, wale mliokuwa mkigombana kwenye foleni ya posho kama Kalunde amekufa au hajafa, nyamazeni kidogo. Hajafa.

Wiki jana tulimwacha chini ya maji ya bahari ya Malindi. Jaketi la kuokolea lilikuwa limemvuka kichwani kwa sababu hakulifunga kamba. Mrija wa kupumulia ulijaa chumvi, na ile miwani ya kuangalia samaki ilikuwa imemshuka shingoni. Alikuwa anazama na gauni lake, mikono ikitafuta kitu cha kushika na kuambulia maji matupu. Kisha mkono ukamkamata nywele.

Mkono wa nani? Wengi mlisema ni wa nahodha. Mmekosea, na mimi nimefurahi sana kuwaona mkikosea.

Mkono ule ulimvuta juu kwa nguvu. Mwingine ukapita chini ya kwapa lake, ukamlaza chali, uso ukatazama jua. Akakohoa, akatema, akavuta hewa. Mtu akamwambia sikioni kwa sauti tulivu kabisa, "Usinishike shingo. Lala. Lala tu, nimekushika."

Kalunde akalala. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameamka nayo kitanda kimoja kwa miaka minane. Ilikuwa sauti ya Mutunga, mume wake, Baba Muli, mwenye duka la mabati na misumari pale Mutomo.

Mutunga asiyejua maji!

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuonjeshe. Kule Mutomo kila mtu alijua kwamba Mutunga anaogopa maji kuliko paka. Kuoga alioga kwa karai. Mto Tiva ukiteremsha maji ya kufika magotini, yeye alilala ng'ambo mpaka yakauke. Hata siku ya kubatizwa kwake kwenye silanga, lile bwawa la kunyweshea mifugo, alitetemeka mpaka Mchungaji Ndululu akaita wazee wawili wamshike mikono, kisha akamchovya upesi kama mandazi kwenye chai. Kanisa zima lilicheka siku hiyo, na lilicheka kwa upendo.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa akipiga miguu taratibu, harushi hata tone, akimkokota mke wake kuelekea mashua kama mtu anayesukuma baiskeli barabara ya lami.

Mashuani palikuwa moto kwa shangwe. Abiria walikuwa watu wa ndoa wa kanisa lao, wamekuja pwani kwa semina, nao wakaona wamalizie na safari fupi ya mashua ya sakafu ya kioo, kuogelea na kutazama samaki juu ya matumbawe. Semina yenyewe ilikuwa ya uaminifu katika ndoa. Cheka polepole, msomaji, maana Kalunde hakucheka.

"Bwana asifiwe!" Mchungaji Ndululu alipiga kelele, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Mumeona? Mumeona na macho yenu? Huyu mtu tulimbatiza akishikwa kama ng'ombe ya kupelekwa dipu! Leo ameogelea! Mungu wa Mutomo yuko mpaka Malindi!"

"Amina!"

"Ni nini hii tumeona?"

"Muujiza!"

Mwanamke mmoja tu hakujibu. Alikuwa Wangui, mke wa Waithaka mwenye duka la Kibwezi, walioalikwa kwa sababu basi lilibaki na viti. Wangui aliwahi kuogelea mto wa kwao alipokuwa msichana, na alimtazama Mutunga akipanda ngazi bila kuhema.

"Ati muujiza? Na mbona miguu imezoea?"

"Nyamaza, Wangui," Waithaka akamnong'oneza. "Sisi ni wageni kwa hawa watu."

Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Kiema. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu baba yake Kalunde, mzee wa kanisa, ndiye aliyemshika mkono Kalunde na kumpeleka madhabahuni siku ya arusi. Kiema alilia machozi mazito, akamfunika Kalunde leso mbili, akamsugua mgongo.

"Mungu ametuachia wewe, mwanangu," alisema. "Mungu ametuachia wewe."

Kalunde alikuwa akimtazama Mutunga. Mutunga alikuwa akitazama kioo cha sakafu, kana kwamba samaki ndio waliomleta pwani.

"Baba Muli," alimwita.

"Ni Bwana, Mama Muli," Mutunga akajibu haraka, mbele ya watu. "Mimi hata sijui nimefanya nini. Nimejikuta tu ndani ya maji."

"Amina!" wakaitika.

Na hapo ndipo Musembi alipomjia Kalunde kichwani, akakaa.

Musembi alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Baba yao alipokufa, Musembi ndiye aliyekuwa mkuu wa boma. Mutunga alipoleta wale mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwa Wakamba wasipopokelewa msichana hajawa mke wa mtu, Musembi aliwarudisha. Mutunga akawaleta tena. Musembi akawarudisha tena, na safari hii aliwafukuza mpaka barabarani kwa mikono yake mwenyewe. "Dada yangu haendi kwa huyu," alisema. "Ako na maneno mingi tamu, na macho haitulii."

Kisha mvua ikanyesha, silanga likafurika. Musembi alikwenda kuvuta mbuzi aliyekwama kwenye matope, ukingo ukameguka, naye akaingia kwenye kina. Watoto wa malisho walipofika walimkuta Mutunga peke yake ukingoni, amepiga magoti, shati limepasuka, analia, "Sijui maji! Ngai wakwa, Mungu wangu, sijui maji!"

Kavata, mama yake Musembi, hakuamini. Alitaka ukoo ulete kithitu, kile kiapo cha kale ambacho mtu akiapa uongo kinamla yeye na nyumba yake. Wazee wakakaa. Mutunga akaitwa. Na nani aliyesimama kumtetea? Kalunde! Kalunde mwenyewe, msichana wa kwaya, na kitambaa chake cheupe kichwani.

"Mwaitu, sisi ni watu wa kanisa," alimwambia mama yake mbele ya ukoo mzima. "Hatuwezi kuapisha mtu na vitu vya giza. Hapa Mutomo nani anajua kuogelea? Hata yeye hajui. Mimi namjua."

Mimi namjua! Kavata aliketi chini asiseme neno jingine. Tangu siku ile humsalimu binti yake kama anavyomsalimu karani wa kodi, na hajawahi kula chakula nyumbani kwake. Musembi akazikwa. Matanga yalipokwisha, mbuzi watatu walirudi mara ya tatu, na Mzee Kiema akawapokea.

Sasa Kalunde alikaa kwenye ubao wa mashua, chumvi ikimkauka usoni, na kilichomjia kwanza hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu. Alikuwa amemfunga mdomo mama yake mzazi kwa ajili ya uongo, akaja akaolewa na uongo huo, akauzalia mtoto, akaupigia pasi mashati miaka minane.

Mashua ikasogea mpaka kituo cha pili, karibu na fungu la mchanga. Nahodha Athmani, mtu wa Malindi, akatia nanga. Mchungaji Ndululu akawaambia wajiandae kuimba.

Kalunde akasimama.

"Pasta, kama ni muujiza, arudie."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mama Muli!" Mchungaji akashtuka. "Mungu hajaribiwi hivyo."

"Simjaribu Mungu. Ninamjaribu bwana yangu."

Mutunga akacheka kidogo, akawageukia watu. Alikuwa na kipaji hicho, cha kuwageukia watu. "Muujiza hairudiwi, Mama Muli. Ukirudiwa unakuwa kazi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kiema alicheka kuliko wote, akamvuta Kalunde leso aketi. "Kaa chini, mwanangu. Umekunywa maji mingi, imepanda kichwa."

Kalunde hakuketi. Alivua leso ya kwanza, akavua ya pili. Akaangalia maji, akaogopa sana, maana bado koo lilikuwa likimwasha. Lakini alikuwa amelipiga hesabu jambo lake: kama mumewe hajui maji, basi hatamfuata, na yeye atakuwa amemwonea bure, na nahodha atamtoa. Na kama anajua, atakuja. Kwa kweli hakuwa na shaka. Alijua atakuja, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Akaruka.

"Aiya!" wanawake wakapiga mayowe.

Nahodha Athmani akaacha nanga yake, akavua kofia, akapanda ukingo wa mashua. Mchungaji Ndululu akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, na wanaume wengine wawili wakamsaidia.

"Tulia, ndugu! Usiingilie! Utaona utukufu!"

"Niache, bwana! Mtu afa huyu!"

"Hafi! Mungu ako kazini!"

Sijui niseme nini juu ya watu hawa, msomaji. Walikuwa watu wazuri. Watatu walimshika yule nahodha asimwokoe mtu, nao walifanya hivyo kwa imani safi kabisa.

Mutunga hakungoja wimbo. Aliruka kichwa chini, mikono mbele, akaingia majini kama kisu. Alimkuta Kalunde kabla maji hayajamfunika mara ya pili, akapitisha mkono chini ya kwapa, akamlaza vile vile. Mkondo ukawasogeza mbali na mashua, mahali ambapo sauti za wenzao zilisikika kama redio ya jirani.

"Unataka kuniua?" Mutunga akamfokea. "Unataka Muli abaki bila mama?"

"Ulijifunza wapi?"

"Kujifunza nini? Tulia, Mama Muli, turudi."

Kalunde akashika kidole kimoja cha ule mkono uliomzunguka, akakibandua. Akabandua cha pili.

"Wee! Unafanya nini? Utazama!"

"Nizame. Sema uongo ingine moja tu, na mimi nizame."

Akabandua cha tatu.

"Ni hapa!" Mutunga akapiga kelele. "Ni hapa Malindi. Nilikuambia nilikuwa Wamunyu nachonga vinyago. Ni kweli tulichonga Wamunyu, lakini tulikuja kuuzia wazungu hapa pwani. Kila jioni tulikuwa kwa maji. Hiyo ilikuwa kabla nikujue."

"Kwa hivyo siku ya Musembi ulijua kuogelea."

Wimbi dogo likapita, likawainua wote wawili, likawashusha.

"Nilijua."

"Alikuita?"

"Kalunde." Sasa hakuwa Mama Muli tena. "Kalunde, wacha hiyo."

"Alikuita?"

"Aliniita na jina. Nilikuwa nimeanza kuvua viatu. Naapa mbele ya Mungu, nilikuwa nimevua kiatu moja."

"Na ya pili ilikushinda na nini?"

Miguu ya Mutunga iliendelea kupiga chini ya maji bila yeye kuiambia.

"Nilishikwa shati."

"Na nani? Si ulikuwa peke yako?"

"Sikuwa peke yangu. Baba yako mdogo alikuwa hapo. Kiema. Alinishika shati kutoka nyuma, akaivuta mpaka ikapasuka. Akaniambia, 'Wacha. Ng'ombe za ndugu yangu zitakuwa zangu, na msichana atakuwa wako.' Halafu watoto wakasikika wakija, yeye akapita kwa miti, akaenda. Akasema kwa watu alikuwa kule Tulia, kwa soko ya huko."

Kalunde alikuwa akisikia, lakini maneno yalikuwa yakimfikia moja moja. Mzee Kiema! Kiema aliyekuja kutoka Tulia jioni ya msiba, vumbi mpaka kwenye nyusi, akajitupa juu ya mwili wa Musembi, wanaume wanne wakamtoa kwa shida. Kiema aliyemwambia Kavata aache mambo ya kithitu, na watu wakasema kweli huyu ni mzee aliyeokoka.

"Na ukaacha," alisema.

"Nilikuwa kijana. Nilikutaka. Mbuzi zangu zilikuwa zimerudishwa mbele ya soko lote, Kalunde, watoto wakinifuata wakilia mee! Nilisimama kidogo tu. Nilifikiri, acha aogope kidogo, halafu nitaingia. Halafu akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Lakini wewe sijakuacha! Leo mara mbili sijakuacha! Nimejitoa mbele ya watu wote kwa sababu yako. Hiyo haihesabiwi?"

Aliyasema kama mwenye duka anayedai haki yake. Na jambo baya zaidi, jambo ambalo Kalunde angelibeba mpaka kaburini, ni kwamba alikuwa akisema kweli. Mtu huyu alimpenda. Kwa kumpenda alimwacha kaka yake azame, na kwa kumpenda alimtoa yeye majini. Lau angemwacha afe ile asubuhi, Kalunde angekufa akimwamini, na labda angekufa na raha. Sasa alikuwa hai, na hapakuwa na kitu hata kimoja nyumbani kwake, kuanzia kitanda mpaka jina la mtoto, ambacho hakikupitia kwenye maji yale ya silanga.

Alilia. Alilia kwa sauti, chali, masikio yakiwa ndani ya bahari, asijue machozi ni yapi na maji ni yapi.

"Turudi," Mutunga akamsihi. "Tutaongea nyumbani. Wewe na mimi tu. Unasikia?"

"Nipeleke," alisema Kalunde.

Akamkokota. Kadiri walivyokaribia, ndivyo wimbo ulivyozidi kupanda. Wanawake walikuwa wamesimama, wakipiga makofi, mashua inayumba. Nahodha Athmani, aliyeachiliwa na wale wa imani, alikuwa amekwenda mbele kuvuta nanga kwa hasira, mgongo amewapa, akiwasonya watu wa bara wote na vizazi vyao.

"Mara ya pili!" Mchungaji alikuwa akipaza sauti. "Nani sasa ako na shaka?"

Kando ya ngazi alikuwa Mzee Kiema, amepiga magoti, amejiinamisha mpaka tumbo likalalia ukingo. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Alinyoosha mkono wake mpana, mkono wa mkulima, akaushusha mpaka vidole vikagusa maji.

"Nipe mkono, mwanangu," alisema. "Njoo. Njoo kwa baba yako."

Kalunde aliutazama mkono ule. Ulikuwa karibu. Angeunyoosha wake kidogo tu angeufikia, angepanda, angefunikwa leso, angepewa chai ya chupa, na kesho wangekuwa njiani kuelekea Mutomo, yeye na siri yake. Kule Mutomo mama yake angekuwa ameketi mlangoni akichambua pojo, naye angemsalimu vile vile kama karani.

Nyuma yake alisikia Mutunga akihema. Alisikia pia kwamba Mutunga ameelewa.

"Kalunde," Mutunga alinong'ona. "Usifanye hivyo."

Kalunde hakuutoa mkono wake. Aliinua kichwa, akasema kwa sauti ya mwimbaji wa kwaya, ile sauti ya kwanza inayosikika mpaka nje ya kanisa.

"Baba mdogo! Siku ile kwa silanga, shati ya Mutunga uliishika na mkono gani? Ni huu?"

Wimbo ukakatika. Wanawake wawili waliendelea kupiga makofi kidogo, kisha nao wakaacha.

"Silanga?" Mchungaji Ndululu akauliza, akitazama huku na huku. "Silanga gani? Mzee si alikuwa Tulia?"

Wangui akamshika mume wake kwenye kiwiko, akakaza.

Mzee Kiema hakuuliza ni silanga gani. Hakuuliza ni shati gani. Alibaki amepiga magoti, mdomo wazi, na wote waliokuwa mashuani wakaona kile ambacho Kalunde alikiona kutoka chini. Mkono ule uliokuwa umenyooshwa ulianza kurudi. Ulirudi polepole, ukapita ukingo, ukaingia ndani ya mashua, na mzee akaubana kifuani kwa ule mwingine.

Ngazi ilikuwa upande wa pili wa mwili wa mzee. Mkondo ukawavuta tena, hatua moja, mbili. Nahodha alikuwa bado mbele na nanga yake, hajageuka, na kati ya Kalunde na kina cha bahari hapakuwa na kitu isipokuwa mkono wa Mutunga, mtu ambaye sasa kanisa lote lilikuwa likimtazama.